Mimba na kunyonyesha baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: tuliopitia tujuzane

Kisamvu_Nazi:
Wanajukwaa, habari za Jumapili. Kila nikichangia uzi wa unene, PM (ujumbe wa faragha) inajaa maswali yaleyale: ukishakatwa tumbo la chakula mimba inashika? Mtoto atakula nini humo ndani? Maziwa yanatoka? Nimeona nifungue uzi mmoja nimwage yote, na wenye taaluma wapite wanyooshe nitakapopinda.

Mimi nilifanyiwa baipasi, India. Sasa nina mtoto wa kiume, bado ananyonya na mashavu anayo.

Kwa asiyejua tofauti. Slivu wanakata sehemu kubwa ya tumbo la chakula na kuitoa, linabaki jembamba kama bomba, lakini utumbo hauguswi. Baipasi wanatenga kifuko kidogo juu ya tumbo, wanakiunga moja kwa moja na utumbo mdogo kwa chini, kwa hiyo chakula kinaruka kipande cha njia. Puto la kuwekwa ndani ya tumbo la chakula halimo kwenye mada hii, linawekwa na kutolewa na hakuna kinachokatwa, ila na lenyewe halitakiwi kuwemo ukiwa mjamzito. Hizo tofauti zishikeni, maana majibu mengi ya huko mbele yanategemea ulifanyiwa ipi.

Mimba kushika: inashika, tena upesi. Wengi wetu tuliokuwa wanene sana mayai yalikuwa hayapevuki ipasavyo, hedhi inakuja inapojisikia. Kilo zikianza kutoka, mambo yanarudi kwenye mstari kabla hata hujabadilisha nguo kabatini. Waliozoea kusemwa ukweni kuwa hawazai ndio hasa wanaojikuta na mistari miwili bila kutegemea. Na huo ndio wakati ambao mimba haitakiwi. Madaktari wengi wanasema subiri miezi 12 hadi 18, uzito utulie kwanza, kwa sababu kipindi cha kupungua kwa kasi unakula kidogo mno na akiba ya chuma, foliki na B12 inashuka. Mtoto naye anataka achote humohumo.

Kwa hiyo panga uzazi kabla hujapanda meza ya upasuaji. Vidonge vya majira siviamini kwa mtu wa baipasi, vinaweza visinyonywe vizuri na mwili. Kitanzi au kijiti havipiti tumboni, havina habari na baipasi yako. Sindano ya miezi mitatu inazuia mimba vizuri, ila kuna wanaonenepa nayo, na ikitumika muda mrefu inapunguza uimara wa mifupa. Sasa umelipa mamilioni upungue, halafu uchome sindano ya kukurudisha?

Faida zipo na nizitaje, maana nyuzi za namna hii hugeuka za kutishana. Kuna utafiti mkubwa wa Sweden uliotoka 2015, walilinganisha wajawazito waliofanyiwa upasuaji na wengine waliokuwa na unene kama waliokuwa nao wao kabla ya kupasuliwa. Kisukari cha mimba kilikuwa asilimia 1.9 kwa waliopasuliwa na 6.8 kwa wenzao. Watoto wakubwa kupita kiasi, asilimia 8.6 dhidi ya 22.4. Upande wa pili wa shilingi: watoto wadogo kuliko umri wa mimba walikuwa asilimia 15.6 dhidi ya 7.6. Yaani hatari moja inapungua na nyingine inapanda, ndiyo maana mimba hii inataka kufuatiliwa, siyo kuachwa ijiendee tu.

Karibuni.

Mzee_wa_Kona:
Nyie si mngekimbia tu asubuhi na kuacha chipsi. Mnakata matumbo halafu mnakuja kuulizana mtoto atakula nini.

Kisamvu_Nazi:
Mzee wa Kona, nilikimbia. Nilikimbia hadi magoti yakanuna. Pita salama.

Shani_Kibokoni:
Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa. Nilifanyiwa slivu, haijafika hata mwaka, na juzi nimepima nimepata ni mjamzito, wiki ya tisa. Daktari aliyenipasua aliniambia ningoje na sikumwambia mtu yeyote. Mume wangu amefurahi, mimi silali. Rafiki yangu ameniambia eti mtoto atazaliwa na kasoro, bora nitoe mapema. Dada, niambie ukweli.

Mkunga_Zamu_ya_Usiku:
Shani mwanangu, kaa kitako kwanza. Mimi ni muuguzi mkunga, miaka mingi kwenye wodi ya wazazi, Tanzania bara. Kuwahi mimba peke yake si sababu ya kuitoa. Wapo wengi waliopata mimba mapema na wakajifungua salama. Ushauri wa kusubiri ni wa kupunguza hatari, haumaanishi kwamba aliyewahi ameharibikiwa. Huyo rafiki yako asiwe daktari wako.

Ila wiki hii hii nenda kliniki, na ukifika sema neno kwa neno: nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, aina ya slivu, mwezi fulani. Usingoje waulize, hawataulizia. Mama akija ana kilo 75 nani atajua alikuwa na 120? Omba waandike juu kabisa kwenye kijitabu chako cha kliniki.

Vipimo: wingi wa damu, akiba ya chuma (inaitwa feritini, ni tofauti na kile kipimo cha damu cha kidoleni), B12, foliki, vitamini D, kalisi. Virudiwe kila miezi mitatu ya mimba. Najua si kila kituo kinavyo na vingine ni vya kulipia. Kama fedha ni ya kuchagua, mimi ningeanza na wingi wa damu, feritini na B12.

Sasa vidonge, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vina chuma na foliki, basi. Havina B12. Tumbo la chakula ndilo linalotengeneza tindikali na kile kitu kinachosaidia B12 kunyonywa, na ninyi tumbo mmelipunguza au mmelipita pembeni. Mama anameza fefo, ndivyo hivyo vidonge vya damu, mwezi hadi mwezi, damu haipandi, anaonekana mvivu wa dawa kumbe kinachokosekana hakimo kwenye kidonge. B12 inapatikana kwa vidonge vyenye mikrogramu 1,000 kila siku, au sindano ya miligramu 1 kila baada ya miezi mitatu. Kwa watu wetu napenda sindano, haisahauliki.

Kalisi na chuma visimezwe pamoja, vinagombana. Tenganisha kwa muda wa saa mbili. Na chuma usikisukumie na chai, hata ya rangi.

Vitamini A: zile multivitamini kubwa mlizotoka nazo hospitali za nje, geuzeni kopo msome. Kama vitamini A imeandikwa retinoli, mpe daktari akubadilishie ya beta-karotini. Retinoli ikizidi sana inaweza kumdhuru mtoto, hasa mwanzoni mwa mimba. Kwa sababu hiyohiyo maini yasiwe mboga ya kila siku.

Shani_Kibokoni:
Mungu akuweke mama. Foliki nimepewa ya miligramu 5 kwa sababu bado uzito uko juu. Ni sawa?

Mkunga_Zamu_ya_Usiku:
Ni sawa kwa sasa. Mwenye uzito uliopita kiwango au mwenye kisukari hupewa 5 hadi wiki ya 12. Lakini sikiliza, wewe uko pwani na huko mnapewa SP ya kuzuia malaria kuanzia miezi mitatu ya pili. Foliki ya miligramu 5 inaiua nguvu SP. Ile ndogo ya 0.4 iliyomo kwenye vidonge vya kliniki haina shida. Kwa hiyo ukifika wiki ya 13 usiendelee na ile kubwa kwa mazoea, muulize daktari mshuke kwenye ndogo. Hili hata wenzangu kazini baadhi linawapita, kwa sababu mtoa foliki na mtoa SP hawakai chumba kimoja.

Kisamvu_Nazi:
Niongeze kuhusu kutapika, maana mimi kulinitesa. Wajawazito wengi wanatapika, na sisi tuliopasuliwa tunaambiwa ni kawaida mara mbili, mara ya mimba na mara ya tumbo dogo. Ukitapika mfululizo, akiba ya vitamini B1 inaisha haraka kuliko zote. Nilipolazwa, daktari kijana akazuia dripu ya glukozi isiwekwe mpaka nichomwe B1 kwanza. Ndugu walimnunia, mgonjwa hajala na dripu inacheleweshwa. Baadaye ndio akanieleza kuwa glukozi ikitangulia kwa mtu aliyeishiwa B1 inaweza kuumiza ubongo: kuona vitu viwili viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa. Huyo kijana nitamuombea maisha yangu yote.

Mkunga_Zamu_ya_Usiku:
Na kweli. Mjue hilo ninyi wenyewe, maana kwetu dripu ya glukozi ndiyo salamu ya kwanza mapokezi.

Kingine ni kipimo cha kisukari cha mimba, kile cha kunywa maji ya sukari gramu 75 kati ya wiki 24 na 28. Mtu wa baipasi asinywe. Sukari ile inaporomokea kwenye utumbo kwa mkupuo, moyo unakwenda mbio, jasho, kuhara, kisha sukari ya damu inashuka hadi mtu anazirai, na majibu yenyewe hayasomeki sawasawa. Mbadala ni kupima sukari kwa tone la damu ya kidole nyumbani kama wiki moja, asubuhi kabla ya kula na baada ya milo. Wa slivu wengine wanakivumilia, ila ningekuwa mimi ningeomba cha kidole pia.

Baba_Tunu:
Wakuu naomba nichangie upande wa sisi tunaokaa kwenye mabenchi. Mke wangu alifanya baipasi, mimba ikaja miaka miwili baadaye, kila kitu kizuri. Mwezi wa nane wa mimba akaanza kuumwa tumbo la juu, maumivu yanakuja kama wimbi na kupenya mgongoni, anatapika. Hospitali ya kwanza wakasema vidonda vya tumbo, wakampa dawa turudi nyumbani. Ultrasaundi ilionyesha mtoto mzima, basi wakatulia. Usiku hali ikawa mbaya, tukaenda kwingine, tukabahatika kumkuta daktari wa upasuaji aliyekuwa anaijua baipasi. Utumbo ulikuwa umepenya kwenye upenyo uliobaki ndani toka ule upasuaji, ukajinyonga. Alipasuliwa alfajiri ile ile. Mama na mtoto wapo, Tunu yupo chekechea anasumbua watu.

Ninachowaomba wanaume: jua mke wako alifanyiwa nini, jina la upasuaji na mwaka. Yeye akiwa anagaragara kwa maumivu, wewe ndiye utakayeulizwa.

Mkunga_Zamu_ya_Usiku:
Pole baba, na ahsante. Hili ndilo linaloua kwa watu wa baipasi. Kizazi kinapokua kinasukuma utumbo juu, nao unapata nafasi ya kuingia penye upenyo. Ultrasaundi inamwona mtoto vizuri, utumbo ulionyongwa inaweza isiuone kabisa. Maumivu makali ya juu ya tumbo kwa mjamzito wa baipasi aonwe na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, na presha ipimwe palepale, maana kifafa cha mimba nacho hubisha hodi kwa maumivu ya chembe.

Kuzaa kwenyewe hakuna jipya. Kupasuliwa tumbo la chakula si sababu ya kufanyiwa upasuaji wa uzazi. Ultrasaundi za ukuaji wa mtoto ziongezwe kuanzia wiki ya 28, karibu kila mwezi, kwa sababu ya ile hatari ya mtoto mdogo aliyoisema Kisamvu.

Neema_Mtori:
Jamani nacheka huku nalia. Mimi Mchagga, slivu nilifanya kimya kimya, ukweni hawajui. Nimejifungua, mama mkwe kaja na ndizi za mtori nusu gari. Kila saa bakuli. Nikila vijiko vitano nimejaa, yeye anaona namdharau au nimerogwa nisimlishe mjukuu wake. Nifanyeje, maana kusema siwezi.

Kisamvu_Nazi:
Neema pole, haha. Mtori si adui, adui ni bakuli. Mwambie nyama izidi ndizi, na kula nyama kwanza. Sisi tunatafuta protini angalau gramu 60 kwa siku na tumbo ni dogo, kwa hiyo kinachoingia mwanzo ndicho kinachohesabika. Mtoto alipozaliwa mama yangu alinipikia uji wa pilipili manga wa kwetu pwani, mzito, sukari kama ya harusi. Vijiko vichache tu nikalowa jasho na moyo ukaanza kupiga ngoma, nikalala chini. Tukakubaliana uji usiwe na sukari, uwe na maziwa na karanga, na nipewe kwenye kikombe cha kahawa mara nyingi. Dagaa, mayai, maharage, samaki, mtindi. Mama alidhani ninajinyima, hadi alipoona mtoto anaongezeka kliniki.

Ile ya "kula ya watu wawili" tuiache kwa wenye matumbo mawili.

Kuhusu kusema: mama mkwe si lazima, mkunga ni lazima.

Bint_Mkunazini:
Assalaam alaykum. Mie mtu wa Unguja, naishi Maskati. Nilifanya baipasi huku huku, mtoto wangu ana miezi miwili na maziwa naona kama kidogo. Wifi yangu anasema ni kwa sababu tumbo limekatwa, nimpe ya kopo tu. Na Ramadhani iko mlangoni. Kisamvu, wewe ulifanyaje?

Kisamvu_Nazi:
Waalaykum salaam bibie. Maziwa hayatengenezwi na tumbo la chakula. Yanatengenezwa na titi linalonyonywa. Mtoto akinyonya mara kwa mara, usiku na mchana, na titi likatoka tupu, mwili unaleta mengine. Kopo likiingia, titi linapunguza kazi.

Kwetu sisi mchawi mkubwa ni maji. Hatuwezi kugugumia kikombe kizima, tena tumefundishwa tusinywe pamoja na chakula, mwisho siku inapita koo kavu. Mimi nilikuwa na chupa pembeni kila nilipokaa, funda dogo, funda dogo. Kama mkojo wako ni wa njano iliyokolea, anza hapo.

Kuna na jambo la matiti yenyewe ambalo watu wanaona haya kulisema. Ukipungua sana yanalegea, chuchu inaangalia chini, mtoto anashika ncha tu badala ya kujaza mdomo. Mkunga alinionyesha kuviringisha taulo chini ya titi na kumlaza mtoto ubavuni kwangu, miguu nyuma. Siku hiyo hiyo maumivu ya chuchu yakapungua.

Mkunga_Zamu_ya_Usiku:
Bint Mkunazini, mtoto akojoe mara sita au zaidi kwa siku na uzito upande kwenye kadi, hapo maziwa yanatosha hata kama wifi haoni. Kama uzito haupandi, mpeleke mapema, usingoje uzi ukujibu. Na daktari akisema aongezewe, aongezewe, si aibu.

Maziwa ya mama aliyepasuliwa ni mazuri, nyonyesha miezi sita mfululizo kama mama yeyote, kisha endelea na chakula. Tahadhari ni B12. Mama akiishiwa, maziwa yake yanaishiwa, na mtoto hana akiba. Mama anaweza kujiona mzima kabisa, huku mtoto anapauka, analegea, hataki kunyonya, alikuwa anacheka sasa hacheki, alikuwa anaanza kukaa sasa anaanguka. Hilo linatibika, lakini likichelewa linaacha alama kwenye ubongo. Wengi huacha vidonge vyao siku ya kutoka wodini. Vya kwako haviishi, bibie, ni vya maisha, na ukinyonyesha ndiyo usithubutu kuviacha.

Ramadhani: mama anayenyonyesha ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Kwa mtoto wa miezi miwili na tumbo lisilobeba maji mengi kwa mkupuo wa futari, mimi kama mkunga ningeitumia ruhusa hiyo. Mengine muulize shekhe wako.

Dada_wa_Sinza:
Mie sijakatwa, natumia Ozempic, ile sindano ya kisukari inayopunguza uzito, na nataka mtoto mwakani. Naingia humu au nifungue uzi wangu?

Mkunga_Zamu_ya_Usiku:
Fungua wako mama, ila beba hili: huachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba, na wakati wa kunyonyesha haishauriwi. Uzazi wa mpango mpaka hapo.

Neema_Mtori:
Mkunga, swali la mwisho. Mdogo wangu ana baipasi, anatarajiwa kujifungua kwa upasuaji mwezi ujao, mtoto amekaa vibaya. Na amekuwa anakula udongo kwa siri. Kuna la kuangalia?

Mkunga_Zamu_ya_Usiku:
Mawili. Udongo usimgombeze, mpimisheni feritini. Hamu ya udongo mara nyingi inakuja na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unazidi kuzuia chuma kisinyonywe, pamoja na minyoo. Kama akiba iko chini na siku zimebaki chache, vidonge havitawahi. Aulize kuhusu chuma cha dripu kabla ya siku ya upasuaji.

La pili ni dawa ya maumivu. Baada ya upasuaji wa uzazi diklofenaki ndiyo ya kawaida, sindano kisha vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Kwa mtu wa baipasi hiyo, ibuprofeni na ndugu zake wote zinachimba vidonda pale tumbo lilipoungwa na utumbo, na sindano haimuokoi kwa sababu dawa inafika kwa njia ya damu. Apewe parasetamoli, na ikihitajika ya nguvu zaidi daktari atachagua inayofaa anayenyonyesha. Andikeni kwa kalamu nyekundu juu ya kadi: BAIPASI, ASIPEWE DIKLOFENAKI. Na atakayelala naye wodini alijue hilo, kwa sababu zamu zinabadilika saa mbili usiku na yeye atakuwa bado na usingizi wa dawa.